Flashi Iliyopakwa Msandali

Thenmozhi alijua kuhesabu miraba kabla hajajua kuhesabu miaka yake. Baba yake, Mzee Ekambaram, alichora mapambo ya sari za hariri pale Arani, mji wa wafumaji kusini mwa India, na binti huyo alikaa kando ya goti lake akimtazama akijaza karatasi kwa penseli nyekundu, mraba baada ya mraba, hadi tausi akajitokeza polepole kama mtu atokaye kwenye ukungu. Kila mraba ulikuwa uzi mmoja ukipita juu ya mwingine. Ukikosea mmoja tu, tausi atachechemea maisha yake yote.

Mzee alipofariki, Thenmozhi alikuwa na miaka arobaini. Alijifunza kompyuta, na kwa miaka mitatu akaihamishia humo michoro yote mia tatu na kumi na miwili. Alifanya vyema, kwani masika yaliyofuata mvua iliingia stoo na karatasi zote zikawa uji. Tangu hapo tausi na kasuku wa Ekambaram hawakuwa na makao mengine duniani ila ndani ya mashine ile, na nakala yao katika diski ndogo ya nje ambayo Thenmozhi aliichomeka kila Ijumaa.

Sundaravel, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, ndiye aliyemtia wasiwasi.

"Dada, nakala unazo, sawa. Kompyuta ikifa utazirudishaje?"

"Nitakuita wewe."

"Na mimi nikifa?"

"Basi nitalia mara mbili."

Sundaravel alicheka, kisha akamweleza. Mashine iliyokufa haijui hata kama kuna nakala mahali. Inahitaji kitu cha kuiamsha kutoka nje: flashi iliyotengenezwa mapema, wakati mashine ingali nzima. Alimwachia aitengeneze mwenyewe. Programu ilimwonya kwamba vyote vilivyomo kwenye flashi vitafutwa. Aliichomoa, akahakikisha ni ile tupu, akairudisha.

"Sasa zima, uwashe kwa kupitia flashi," alisema Sundaravel. "Ambayo haijajaribiwa, usiihesabu."

Kompyuta iliamka na sura ngeni. Hapakuwa na tausi wala ile picha ya baba iliyozoea kumpokea kwenye skrini, ila ukurasa wa kijivu wenye maneno machache. Thenmozhi aliona kana kwamba anaichungulia nyumba yake mwenyewe kupitia dirisha la jirani, na waliomo ndani wote wamelala.

Ikafika siku ya kuzitukuza zana za kazi. Mtaa mzima vitanda vya kufumia vilinyamaza, na kila kilichomsaidia mtu kula mwaka ule kilioshwa na kuwekwa mbele ya sanamu ya Saraswati, mungu mama wa elimu, kisiguswe hadi kesho. Dada yake, Alamelu, ndiye aliyeshika bakuli la msandali uliosagwa kwa maji, na hakubagua. Mkasi ulipata nukta yake ya baraka, rula ikapata, kibodi na diski vilevile.

"Na haka kadogo nako kanafanya kazi?" aliuliza, akiinua flashi.

"Hako ndiko kakubwa kuliko vyote."

"Basi nako kale, kashibe," alisema Alamelu, akakapaka mdomoni.

Asubuhi iliyofuata ndiyo saa njema ya kuanza upya. Dhanapal, mfumaji, alikuwa amekwisha kufika kuchukua mchoro wa pindo. Thenmozhi aliwasha kompyuta. Skrini ilibaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe ukasema hakuna diski iliyoonekana.

Sundaravel aliitwa, akatega sikio kwenye mashine. "Diski ya ndani imechoka, imekwenda," alisema. Akafunga mpya. "Hii ni tupu kama sahani iliyooshwa. Leta flashi."

Walichomeka, kimya. Wakajaribu upande wa pili, kimya vilevile. Sundaravel aliigeuza kwenye mwanga: mdomo wake wa chuma ulijaa uji wa manjano uliokauka.

"Mama Alamelu, umeilisha?"

"Si mlisema ndiyo kubwa? Niuheshimu mkasi, niidharau hii?"

"Flashi si neno, nitatengeneza nyingine dukani," alisema fundi, kisha sauti yake ikashuka. "Ila ile diski ya nakala haina mwenzake."

Wote wakaigeukia. Nukta ya msandali ilikuwa palepale kwenye tundu la waya, na tone moja lilikuwa limeteleza ndani.

Sundaravel alinyoosha mkono. Thenmozhi akamzuia. "Niachie. Mimi nimeishi na vitu vidogo."

Akachonga kijiti cha mianzi, akakizungushia pamba kidogo, akakichovya kwenye spiriti. Alisafisha flashi, kisha tundu la diski, chembe kwa chembe, akipuliza, akingoja likauke. Dhanapal alisimama mlangoni na viatu mkononi.

Flashi iliitika. Ukurasa wa kijivu ukafunguka, na diski ya nakala ikaonekana na jina lake. Programu ikauliza: kutoka wapi, kwenda wapi? Thenmozhi alisoma mara tatu. Akigeuza njia, utupu ungeandikwa juu ya tausi wote. Akachagua, akabonyeza.

Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Aliutazama hadi macho yakawa mazito, na akiwa nusu usingizini akaona uzi wa hariri ukivuka chumba, na juu yake ndege wakipita mmoja mmoja, miguu yao midogo ikiwa na tahadhari, wakihama nyumba bila kelele. Hakuthubutu kuwahesabu. Alihofu wangeshtuka.

Kompyuta ilijizima, ikajiwasha. Picha ya baba ikatokea. Akafungua faili ya kwanza: tausi alikuwapo, mzima hadi ukucha.

Alamelu, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza mashine ile ina nini, aliivuta stuli akaketi.

"Baba aliwachora wote hawa?"

"Wote."

"Nionyeshe. Usiruke hata mmoja."

Walikuwa wamefika wa sitini na nne Dhanapal alipokohoa mlangoni.

"Jamani, na pindo langu?"

"Ngoja zamu yako," alisema Alamelu, bila kugeuka. "Tumefika kwenye kasuku."