Dada Esmat na Maendeleo ya Ugonjwa

Dada yangu Esmat hushona mashuka ya harusi hapa mjini Yazd, na hajawahi kumwambia mtu kwamba ana shida. Ukimkanyaga mguu atakuomba radhi kwa kuuweka njiani. Tangu wamtoe titi, ugonjwa wenyewe nyumbani tunauita "ule", kana kwamba ukitajwa jina utaitika.

Mimi sikusoma sana, ila macho ninayo. Nimemwona akibandika majina ya binti zake kwenye chupa za achari, mpaka zile zitakazoiva baada ya miaka miwili, kama anayegawa urithi. Huyo si mtu anayelala usingizi.

Ndiyo maana nilimburuta hospitali niliposikia kwamba Parnian, binti mtafiti, anapima hofu za wagonjwa. Watakaopata alama za juu watakaa na mshauri kila Jumanne. Nafasi kumi tu. Hofu nayo siku hizi ina mtihani wa kuingia.

"Mama, jibu kuanzia moja, yaani kamwe, hadi tano, yaani kila mara," alisema Parnian. "Unaogopa maendeleo ya ugonjwa wako?"

"Maendeleo nani anayaogopa, mwanangu? Nayaomba kila swala."

Parnian akaandika moja.

"Unahofia kuwa mzigo kwa familia?"

"Hata kidogo. Hizo tano wape wenzangu, wao ndio wagonjwa."

"Tano hazigawiwi, mama."

"Hata hivyo, siwezi kuwatangulia."

Maswali kumi na mawili, na yote yakaandikiwa moja. Parnian akajumlisha, akatabasamu. "Hongera, mama. Hatujapata jasiri kama wewe."

Dada akamshukuru, akampa visheti vya lozi alivyovifunga kwenye leso. Msichana ana shahada mbili, na hakujiuliza kama yupo mgonjwa asiyeogopa hata kitu kimoja.

"Binti daktari," nikasema, "hilo neno maendeleo, nani alilichagua?"

"Kamati, mama. Watu wanane."

"Wanane wazima wa afya. Muulize kama anaogopa usije ukamrudia, ukasambaa."

"Mahbube, usimchoshe mtoto wa watu," Dada akasema.

Lakini Parnian, namsifu kwa hilo, alikwisha kumgeukia, akauliza vilevile nilivyosema.

Dada akaweka istikani yake ya chai chini. Akakunja ncha ya baibui, akaikunjua, akaikunja tena.

"Andika tano," akasema. "Ile ya mzigo nayo tano. Zile nyingine uniulize upya, nilikuwa nakustahi. Ila tafadhali, mwanangu, mdogo wangu asijue."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, goti langu limegusana na lake. Parnian akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, kisha akachukua karatasi mpya.

Nikageuka kutazama dirishani, kwa adabu.

"Jumanne nina safari ya upande huu," nikamwambia Dada. "Ukitaka tufuatane. Wala sitakuuliza unakwenda wapi."