Dereva wa Magavana Wawili

Pale Benki Kuu walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga mafuta kwa pupa. Alikuwa dereva wa gavana, kazi inayotaka mtu awe na masikio na asahau kuwa ana mdomo.

Gavana wake wa kwanza alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi. Enzi hizo katiba ilimruhusu rais kumteua gavana asubuhi na kumfukuza jioni, asiulizwe na mtu. Uchaguzi ulipokaribia, Ikulu ilitaka noti zichapishwe za kuwaongezea askari mishahara. Mzee akasita. Siku moja wakiwa kwenye foleni ya magari, mtangazaji wa redio akasema uteuzi wake umetenguliwa. Taratibu akanyoosha mkono kuizima.

"Iache tu, mwanangu," mzee akasema. "Nishushe hapa. Gari si langu tena."

Akashuka na mkoba wake, akavuka barabara kwa miguu kama mtu anayetoka sokoni.

Noti zikachapishwa, na bei zikapanda kama moshi. Mama yake Taratibu alikuwa na maradhi ya moyo. Dawa zikawa hazishikiki, naye akaanza kumeza leo na kuruka kesho, huku akiapa kuwa hajambo. Taratibu na mdogo wake wakalibeba jeneza lake wenyewe.

Watu walipochoka waliingia barabarani, na baada ya vurugu nyingi ikaandikwa katiba mpya. Humo ikasemwa kuwa gavana haondolewi mpaka jopo la majaji limchunguze, na serikali haichoti fedha Benki Kuu bila idhini ya Bunge. Taratibu hakuisoma yote. Alipiga kura ya ndiyo kwa ajili ya mama.

Gavana wa pili alikuwa mwanamke, mkavu wa maneno. Serikali ikamtaka atoe fedha za kumalizia barabara kuu, akakataa. Kazi ikasimama. Mdogo wake Taratibu, aliyekuwa akiendesha greda huko, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Kaka, bosi wako ana roho ya jiwe. Wanangu watakula vifungu vya sheria?"

"Si hao wa serikali waende Bungeni wakaombe?"

"Huko wataulizwa maswali."

"Basi waulizwe. Umesahau mama alivyokufa?"

"Sijasahau. Lakini wewe unayasema hayo ukiwa umeshiba."

Taratibu alijua kuwa hilo lilikuwa kweli tupu.

Wiki iliyofuata, akiwa anampeleka gavana kazini, simu ya mama huyo ikalia. Akasikiliza, akaikata. "Wamenifukuza," akasema.

"Nikurudishe nyumbani, Mama?"

"Wamewauliza majaji gani? Twende kazini. Taratibu, kama jina lako."

Langoni walikuta askari wamejipanga. Ofisa wao akainama dirishani. "Samahani, Mama. Nina amri usiingie."

"Amri ya nani?"

"Ya juu."

"Nionyeshe uamuzi wa jopo la majaji. Kama huna, unanizuia kwa jina lako mwenyewe."

Ofisa akasogea pembeni, akapiga simu, akaomba amri ya maandishi. Haikuja. Hatimaye ofisa akarudi, jasho likimtoka.

"Nikikosea hapa, nitashtakiwa mimi, siyo aliyenituma," akasema, kama anayejisemea. Akageuka. "Fungueni."

Baadaye majaji walimchunguza gavana, wasione kosa. Serikali ikaenda Bungeni, ikahojiwa mpaka ikapauka, ikapewa nusu ya ilichoomba. Bei hazikupanda mwaka ule, lakini nani humshukuru mtu kwa balaa ambalo halikutokea?

Barabara ikaendelea kidogo kidogo, kwa wafanyakazi wachache. Mdogo wake hakuitwa tena. Aliuza samani zake, akahamisha familia kwa wakwe zake, wala hakuaga.

Taratibu humpigia simu kila Ijumaa. Mara nyingi hupokea mtoto, na kusema, "Shikamoo, baba mkubwa. Baba ametoka." Nyuma yake husikika sauti ya mwanamume ikinong'ona. Taratibu huitikia salamu, humuuliza mtoto habari za shule, na hakati simu upesi.