Kioo Tulichokitazama kwa Mbali

Dada yangu alisema mara moja tu: wavu huu ukichanika, mume wake anaacha uvuvi na kurudi shambani. Ulikuwa wa mwisho. Nyavu mbili zilikuwa zimekwisha kwenye visiki. Ziwa Basotu lilikuwa limepanda katika miaka ya mvua nyingi, likaifunika migunga ya ukingoni. Miti ilikufa ikiwa imesimama, mingine ikavunjikia chini ya maji, jicho lisikofika. Na sato wanapenda hapo hapo.

Shemeji akataka mashine ya kuona chini ya maji. Manyara ilikuwa imekuwa mkoa si muda mrefu, na maduka ya vifaa vya umeme vilivyotumika yalikuwa yakifunguliwa Katesh. Katika duka moja, katikati ya redio na tivi, tulikuta mashine mbili zilizotolewa kwenye boti za nchi za nje. Unafunga kifaa kidogo chini ya mtumbwi, unaunganisha betri ya gari, na kioo kinakuchorea sakafu ya ziwa. Moja ilikuwa na kioo kikubwa kama sinia la chai, nyingine kama kiganja.

Mama mwenye duka aliziwasha zote. Zikaonyesha picha ile ile ya mfano.

"Hii kubwa nukta zake ni chache," alituambia. "Picha yote ni nukta, baba. Zikiwa chache kwenye kioo kikubwa, kila moja inanenepa."

"Ikinenepa si ndiyo vizuri?" shemeji alisema, tukacheka.

Kwetu ng'ombe hanunuliwi kwa kumganda. Mnadani unarudi nyuma, unamtazama mzima: mgongo, nundu, anavyosimama. Shemeji akarudi hadi mlangoni, nami nikamfuata, tukakunja mikono. Kutoka pale kioo kikubwa kilikuwa dume la kushindania. Kidogo kilikuwa ndama wa kiangazi. Tukachukua dume.

Mama akasema tu, "Msiikwaruze. Isipowafaa, ileteni."

Ziwani hakuna mlango wa kurudi nyuma. Umekaa ndani ya mtumbwi na kioo kiko magotini. Tuliona vipande vya mraba, vimepangana kama matofali.

"Hiki nini?" shemeji aliuliza.

"Labda samaki."

"Na hiki?"

"Labda kisiki."

"Labda mbili, shemeji, na wavu mmoja."

Hakuutupa. Tulirudi nao mkavu. Dada aliugusa, akatutazama.

"Kumbe mlikwenda kutembea."

Siku ya mnada tuliibeba mashine kurudi Katesh. Mama mwenye duka alituona tukiwa bado barabarani.

"Dume limerudi?"

"Shikamoo, mama. Limerudi."

"Marahaba. Leo kaeni chini."

Alituwekea makreti mawili ya soda, tukakaa, mashine zote mbili magotini. Kwenye kioo kidogo sakafu ya ziwa ilikuwa mstari mwembamba, tawi limesimama juu yake kama unywele, na samaki yuko kando, peke yake. Kwenye kile kikubwa, tawi na samaki walikuwa donge moja. Niliinuka nikaenda mlangoni kuhakikisha. Kutoka mlangoni bado nilikipenda kikubwa.

Asubuhi iliyofuata shemeji aliinamia kioo kidogo, mimi nikipiga kasia.

"Kisiki kimoja kimesimama hapa. Sogea. Kingine. Sogea tena. Simama."

Aliuachia wavu katika uwazi kati ya visiki. Tulipouvuta ulikuja mzito, nasi tukategea sikio mlio wa uzi kukatika. Sauti iliyokuja ilikuwa ya samaki wakipiga mikia.

Nyumbani dada hakuwatazama sato kwanza. Alitandaza wavu kwenye nyasi, akaupitisha vidoleni jicho kwa jicho, kutoka ncha moja hadi nyingine, sisi tumesimama kama watoto wanaokaguliwa kucha. Alipofika mwisho aliukunja.

"Kesho mnaondoka saa ngapi?" akauliza.