Sinia Nililolizungusha kwa Kaka Salim

Nimekana kwa miaka, lakini leo nasema: zile punje za pilau zilizotua kwenye ndevu za kaka yangu hazikupeperushwa na feni. Nilizirusha mimi, tena mbele ya wakwe zake.

Tulialikwa chakula cha mchana kwake Malindi. Kaka Salim anauza misumari na saruji, na kisichokaa kwenye mizani kwake hakipo. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa amepata nafasi ya kusomea fizikia ya ulimwengu huko ng'ambo, na bila radhi ya babake asingekwenda.

"Hicho kitu cha angani unachotaka kukichunguza, umekiona?" Kaka akamuuliza.

"Hakuna aliyekiona, Baba."

"Basi kaa hapa uuze saruji. Hiyo inaonekana."

Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini mimi nina shahada (ya fasihi, ila siku hiyo sikuona tofauti), nikasema, "Kaka, ngoja nikuonyeshe," nikafudikiza bakuli katikati ya mkeka, nikaweka juu yake sinia la pilau tulilokuwa tukila, nikatangaza kwamba hili ndilo kundi letu la nyota na punje ndizo nyota zenyewe, na kwa kuwa wote walikuwa wananitazama nikavimba kichwa, nikalizungusha kwa nguvu zangu zote.

Pilau iliruka pande zote. Mama mkwe wa kaka alipokea kipande cha nyama kifuani (nyama nzuri, ya mnofu). Kaka alitulia na punje zake ndevuni.

"Shangazi!" Mwanaidi akasema, nami nikajua nafukuzwa, kumbe macho yanamng'aa. "Umepatia! Baba, nyota za ukingoni zinakwenda mbio mno. Kwa uzito wa vile tunavyoviona tu, zingetawanyika kama hii pilau. Mbona hazitawanyiki? Kuna kinachozishika."

"Kitu gani?"

"Hatujui. Wengine wanasema ni chembe ambayo haijagunduliwa, wengine wanasema kanuni zetu za mvutano ndizo zenye kosa. Hilo ndilo ninalokwenda kutafuta."

Kaka akainuka, akaenda kunawa. Nilirudi Kilifi nikiamini nimemharibia mtoto, nikaapa nisiifafanue tena sayansi palipo na chakula.

Asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Hebu niambie, kama kosa liko kwenye kanuni, mizani yangu iko salama?"

"Sijui, Kaka. Muulize Mwanaidi."

"Nimemuuliza. Anasema nimwache aende akatafute." Akakohoa. "Nimemwacha. Ila wewe, siku ya kumuaga, utapakuliwa kwenye sahani, peke yako, mbali na watu."