Kiwanja cha Gofu cha Baba Eliana

Febronia alidhani ameolewa na mwanamume, kumbe ameolewa na kiwanja cha gofu. Bonifasi, mumewe, alipokuwa kijana aliwabebea wazungu wa mgodi wa Sekenke mifuko ya fimbo zao. Mgodi ukafungwa, wazungu wakaenda zao, vichaka vikameza mashimo manane ya mchezo wao. La tisa lilibaki kwa sababu Bonifasi alikataa life. Kila asubuhi alifagia mduara wa mchanga uliolizunguka shimo hilo, akawafukuza mbuzi wa watu kwa matusi, kisha akarudi nyumbani kudai uji. Na kuuzunguka mduara ule ndipo palipokuwa na udongo mzuri kuliko wote waliokuwa nao!

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," Febronia aliwaambia wenzake kisimani. "Wangu ana upara."

Mwaka mmoja alipika pombe ya mtama ili majirani waje kumlimia karanga, kama ilivyo desturi. Wakaja na majembe yao. Bonifasi akatangulia mbele, akawapitisha kando ya shamba bila hata kugeuza shingo, akawafikisha kwenye gofu. Waling'oa mbigili mpaka jua la utosi, wakarudi wakanywa pombe yote. Karanga zikafa kwa magugu, na Febronia akala mlenda na hasira mwaka mzima.

Ikaja enzi ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Kampuni ngeni ikaleta magari kutafuta dhahabu upya, na ikasikika kwamba wakubwa wake wanataka mahali pa kuchezea gofu. Bonifasi akanyoa ndevu, akatoa koti lake la harusi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: afanywe mwangalizi wa kiwanja kile. Febronia alimcheka mpaka mbavu zikamuuma.

Wakaja wawili: mzungu mrefu, na Leonard, bwana wa Dar es Salaam mwenye kofia nyeupe na tumbo la mtu asiyejua ndoo ya maji ina uzito gani. Hata shikamoo hakumpa mzee. Wakasimama juu ya mchanga uliofagiliwa wakibishana gofu iliyo bora ni ipi. Mzungu, kwa Kiswahili cha kuokoteza, alisema ni ile ngumu, yenye mitego. Leonard akasema ni majani mabichi mwaka mzima, bwawa, na baa ya kupumzikia. Febronia, aliyewaletea viti, aliona wote hamnazo. Bwawa la kuchezea, Singida hii!

"Nami niseme kidogo, mabwana," Bonifasi akadakia. "Gofu bora ni ile isiyompa mtu kisingizio. Hapa hakuna bwawa wala mti. Ukikosea, umekosea wewe."

Mzungu akaitikia kwa kichwa taratibu, akitafakari. Leonard akaangua kicheko.

"Mzee, hapa ni pa kupuria mtama! Sisi gofu tutaifuata Arusha." Akauchimba mchanga kwa kisigino cha kiatu.

Pa kupuria mtama. Maneno hayo hayo Febronia alikuwa ameyasema miaka yote, tena kwa sauti kubwa zaidi. Siku hiyo yalimchoma.

"We kijana," alisema, "salamu humpi, kumcheka unamcheka? Wa kumcheka huyu ni mimi, niliyelala naye njaa. Wewe umelala naye nini?"

Leonard alipanda gari, mzungu akamfuata, wakaondoka.

Kesho yake Bonifasi hakwenda kufagia. Alikaa kizingitini na koti lake bado mwilini, hata uji hakudai. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Mama Eliana," alisema mwishowe, "kachukue jembe. Panda mtama wako pale. Nimekuchosha bure."

Febronia alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu Eliana yuko mgongoni. Ndani kulikuwa na debe zima la mbegu, na Bonifasi mwenyewe ndiye aliyelipandisha darini.

"Sina mbegu," alimjibu kwa ukali, akaingia ndani kumkorogea uji.