Nota Tano Nyumbani kwa Bwana Athmani

Kila lori lililopita barabara ya Magongo lilikuwa na honi yake, na mimi nilizijua nyingi kabla sijajua kusoma vizuri. Malori ya kontena yalitoka bandarini yakinguruma, yakafika kwenye matuta karibu na kwetu, yakapumua kwa breki za upepo, kisha dereva akapiga honi kuwaondoa wauza maji na mikokoteni yao. Harufu ya dizeli iliingia mpaka chumbani ikachanganyika na harufu ya mahamri ya jirani yetu Bi Salama. Watu wazima waliziba masikio na kulaani. Mimi nilikaa kizingitini nikazijibu zile honi, nikiziimba kwa do, re, mi tulizofundishwa katika kwaya ya watoto. La saruji lilikuwa na honi ya kubembeleza, la mchanga lilikuwa na moja nene iliyokufanya utetemeke tumbo. Mama aliniambia nitakuja kuonekana mwendawazimu, mtoto wa kike kuzungumza na malori. Sikumsikiliza, na leo nafurahi kwamba sikumsikiliza.

Aliyenisikiliza mimi alikuwa Bwana Athmani, mume wa Bi Salama. Kila jioni alikwenda kupiga piano katika hoteli ya ufuoni, na kutwa alikuwa nyumbani akipiga piano yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujipenda: viatu viling'aa hata akienda kununua mkate tu, na hukumwona bila kitambaa cheupe mfukoni. Hoteli moja ilipofungwa aliichukua piano yao ya mbao, ikaletwa Magongo juu ya mkokoteni, nasi watoto wa mtaa mzima tukaifuata nyuma kwa shangwe kama bibi harusi. Hewa ya chumvi ilikuwa imeila. Baadhi ya vibao vilikuwa bubu, ukivibonyeza unasikia mbao tu. Siku moja alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "We Mwende, lile la mchanga limelia wapi?" Nikaimba. Akarudi ndani, akabonyeza kibao, ikawa sauti ileile. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Wallahi mtoto huyu ana sikio." Kisha akaniita, "Ndoo, mwanangu. Ndoo uketi kitako hapa."

Haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu nilikuwa na baba. Baba yangu alitoka Ukambani akaja kufanya kazi bandarini, na kanisani kwetu alikuwa mzee wa kanisa anayeheshimika. Kwake piano ya hoteli ilikuwa jirani wa chupa, na jazi ilikuwa jina jingine la kupoteza watoto. Mama alimwomba, akambembeleza, akampikia na muthokoi wa mahindi na maharagwe apendao. Mwishoni Baba akatoa uamuzi wake. Ningejifunza mpaka Jumapili ya mavuno. Siku hiyo ningekaa kwenye kinanda cha kanisa na kupiga mbele ya watu wote. Nikiweza, niendelee, nikishindwa, nisikanyage tena nyumba ya Bwana Athmani, nishike vitabu. Nilikubali huku nikirukaruka. Sikujua kwamba Bwana Athmani hakuwa akifundisha nyimbo.

Kweli, hakunifundisha hata wimbo mmoja. Alinipa nota tano. Do, re, mi, so, la, basi. Fa na ti aliziacha nje kama wageni wasioalikwa. "Hizi tano hazigombani," alisema. "Zipange upendavyo, zitapatana." Nilizipanda na kuzishuka mpaka vidole vikauma, naye akakasirika. "Mbona wapanda na kushuka kama mtu anayepaka dari rangi? Sema kitu!" Basi nikajifunza kusema. Yeye alipiga kwa mkono wa kushoto yale mapigo mazito ya jazi, yenye kuchelewa kidogo kama mtu anayetembea akiwa ameshiba, nami nilipaswa kubuni juu yake hapohapo, kwa nota zile tano tu. Akiuliza, nijibu. Akinyamaza, ninyamaze. Nikirudia jibu la jana, alifunga kifuniko cha piano akaniambia hilo ameshalisikia. Bi Salama alikuwa jikoni akikanda unga, na nikipatia alipiga kinyunya cha unga juu ya meza kwa kishindo, ndiyo makofi yangu. Sikuwahi kupewa zawadi iliyonifurahisha kuliko kishindo kile cha unga.

Nilipozizoea nota tano nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Alizihamisha. Kila wiki do ilihamia kibao kingine, na zile nne zikaifuata, na vidole vyangu vikapotea upya kama watoto waliohamishiwa mtaa mgeni. Kwa kuwa sikujua majina ya Kizungu ya vibao, tulivipa majina ya honi. Wiki hii tuko kwa lori la mchanga, wiki ijayo kwa la saruji, halafu kwa honi ya treni. Mahali penye kibao bubu ilinibidi nilipite pengo na kuendelea bila kukwama. "Ukikanyaga pabaya," aliniambia, "usiruke kwa kishindo ukajitangaza. Sogea tu." Nilisogea wiki hadi wiki, mavuno yakikaribia, na nyumbani Baba akiuliza nimefikia wimbo gani. Nilisema najifunza. Mama aliniangalia akajua kwamba hakuna wimbo. Nilimwendea mwalimu huku nalia, nikamwambia nipe wimbo mmoja tu, Mwalimu, tafadhali, nitaondolewa. Akanipa kitambaa chake cheupe nijifute, akasema, "Haya, leo tuko kwa honi ya treni." Nilimchukia siku ile, na nilipiga kwa hasira, na Bi Salama akapiga meza kwa unga mpaka paka akakimbia.

Hapa sharti nieleze desturi ya kanisani kwetu. Pambio halitangazwi. Mtu huinuka tu pale alipoketi akaanza, kwa sauti yoyote iliyomjia, na wote humfuata. Mwanzilishi mkuu alikuwa Mama, na alikuwa na tabia moja: akikolea, hupanda. Kila ubeti aliupandisha kidogo, mpaka wanaume wakawa wanaimba kwa ncha za vidole vya miguu. Mpiga kinanda wetu alikuwa kaka Ezra, kijana mcheshi kutoka Kakamega, ambaye kama wapiga vinanda wengi wa makanisani alijua kupiga mahali pamoja tu, kwenye vibao vyeusi. Mama akianza kwingine, Ezra alibonyeza kitufe kinachohamisha sauti za kinanda chote juu au chini, huku yeye anabaki palepale. Vidole vyake havikuhama hata siku moja. Hatukuona ubaya, maana alipiga vizuri.

Jumapili ya mavuno ikafika. Madhabahu ilijaa mihogo, ndizi na maboga, na kuku mmoja aliyefungwa miguu aliingilia maombi kila mara. Mimi nilikuwa nimepangiwa baada ya mahubiri, nimevaa gauni la manjano, bila wimbo. Kabla ya mahubiri Mama akainuka akaanza pambio. Ezra akamtafuta kwa kitufe, akampata, kanisa likawaka. Ubeti wa pili akapanda, wa tatu akapanda tena, ndipo umeme ukakatika. Watu hawakujali, kayamba na makofi viliendelea. Umeme ukarudi, Ezra akaingia kwa nguvu zote, na sauti iliyotoka iliwafanya watu washike mashavu kama wenye maumivu ya jino. Kinanda kilikuwa kimesahau kila alichokibonyezea. Akabonyeza kitufe, ikawa vibaya zaidi. Akabonyeza tena. Mama hakusimama, alizidi kupanda. Ezra akainua mikono, akaniona mstari wa mbele, akacheka kwa aibu: "Mwende, kuja. Mimi imenikataa kabisa."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama mlangoni na wazee wenzake, uso hausomeki. Nikaketi. Kwa kidole kimoja nikatafuta do ya Mama, nikakosa, nikasogea kibao kimoja, nikampata: alikuwa kwenye honi ya treni! Vidole vilipajua pale kuliko mimi. Sikupiga wimbo, maana sikujua kuupiga. Nilimwacha Mama aimbe mstari wake, kisha nikamjibu kwa nota tano, kama nilivyomjibu mwalimu. Mama aligeuka. Nadhani alitaka kuhakikisha ni nani. Akaimba mstari wa pili kwa kunichokoza, nikamjibu kwa kuchelewa kidogo, kwa ule mwendo wa mtu aliyeshiba, na akina mama wakapiga vigelegele. Akapanda. Nikapanda naye. Akapanda tena, nikamfuata, nikiruka mapengo ya vibao bubu ambavyo kwenye kinanda kile havikuwepo. Sikumbuki tulimalizaje. Nakumbuka mahubiri yalikuwa mafupi, na kwamba sikuitwa tena kupiga, kwa kuwa kila mtu alihesabu nimeshapiga.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Nje ya kanisa mtu alimwuliza yule mtoto wa manjano ni wa nani, naye akasema, "Huyo ni wangu," akasema mara mbili bila kuulizwa tena. Jioni alichukua boga kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, akavuka kichochoro kwa mara ya kwanza, nami nyuma yake, akabisha hodi. Bwana Athmani alimkaribisha kwa heshima zote, akasikiliza habari ya pambio, kisha akanigeukia. "Mamako alianza wapi?" Nikamwambia. "Na alipopanda, ulimpata?" Nikasema nilimpata. "Basi kesho tuanze," akasema, na Baba akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Siku hizi barabara ya Magongo ni pana, kontena nyingi hupita kwa reli, na honi zimepungua. Mimi ndiye ninayepiga jazi katika hoteli za ufuoni, na nasema kwa kujigamba kwamba watu hurudi kunisikiliza. Bwana Athmani yuko Kisauni kwa binti yake, vidole vimekakamaa lakini viatu bado vinang'aa. Piano yake iko sebuleni kwangu, na watoto wa mtaa huja kujifunza. Wana simu zinazowapigia mkono wa kushoto bila kuchoka na bila kukasirika. Nawaachia simu zao, lakini kitufe cha kuhamisha sauti kwenye kinanda changu cha umeme nimekibandika plasta, na anayeibandua atanijua. Wananiona mkali. Na waone hivyo, nami nilimwona mwalimu wangu vivyo hivyo.

Mama amezeeka. Sauti yake imeshuka, na sasa huanza pambio chini kabisa, mahali ambapo hakuna kijana anayemtarajia. Jumapili iliyopita aliinuka kwa kujivuta, akishika benchi la mbele, akafumba macho. Hakugeuka kuona kama nipo kwenye kinanda. Kabla hajamaliza neno la kwanza, nilikuwa nimekwisha kumpata.