Rufaa ya Kuruta Athumani

Siku niliyoripoti kazini nilikuwa nimeipiga pasi kaptula yangu mara mbili, na bado sajini meja aliiona ina kasoro. "Dresa," aliniambia, "hapa si misheni. Hapa hata mkunjo wa kaptula una amri yake." Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, nimetoka kwetu kusini na cheti cha hospitali ya misheni ndani ya bahasha, kichwa kimenijaa majivuno. Kambi ilikuwa nje ya mji, mbele ya Temeke, enzi ambazo huko kulikuwa na mikorosho, minazi na njia ya mchanga tu. Vita kubwa ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma, na Waingereza walikuwa wanaandikisha askari wapya.

Vijana wa leo nikiwatajia neno dresa wanadhani nilikuwa fundi wa nguo. Dresa alikuwa mtu wa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kugawa dawa, na akijaliwa kuwa na kichwa chepesi, hukabidhiwa hadubini. Mie nilikabidhiwa siku ya tatu. Bwana Mganga, kapteni mmoja wa Kiingereza, mrefu, mwenye kikohozi kisichokwisha, aliitoa kwenye sanduku lake la mbao akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Hii jicho yangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi iko na kambi tatu. Kama wewe natazama, mimi natazama. Umesikia?" Nikajibu nimesikia. Kusikia nilisikia kweli.

Kazi yenyewe mtaniwia radhi kuieleza, lakini bila kuieleza hamtaelewa. Kuruta, yaani askari aliyeandikishwa na bado anafundishwa, alitakiwa katika wiki yake ya kwanza alete choo chake kidogo ndani ya kiberiti kitupu, jina lake limebandikwa juu. Dresa huchukua kijiti, hupaka kidogo kwenye kioo, hudondoshea maji ya chumvi, kisha hutafuta mayai ya minyoo. Tuliyekuwa tukimwogopa zaidi ni mnyoo wa safura. Huingia kwenye nyayo za mtu anayelima pekupeku, hupanda hadi tumboni, na huko hujishikiza akanyonya damu taratibu kwa miaka. Mwenye safura haumwi kitanda. Anachoka tu, na watu humwona mvivu. Ukikuta mayai unaandika kwenye kadi ya afya, anapewa dawa, kwisha. Kiberiti kimoja, ukikitendea haki, kinakula robo saa.

Nilikuwa mtu wa kinyaa. Nasema hivyo bila kujitetea, maana dresa mwenye kinyaa ni sawa na mpishi anayeogopa moshi. Jumamosi moja kundi jipya lilileta viberiti arobaini kwa mkupuo. Jua lilikuwa kali, bati la chumba linaalika, na mie nilikuwa na miadi mjini saa nane mchana kwa mpiga picha. Nilikuwa nimeshona suruali mpya ya kijivu, nataka picha ya kupeleka nyumbani wanione nilivyokuwa mtu. Nilitazama viberiti vinane. Vilivyobaki nilivimwaga chooni, nikarudi mezani, nikaandika "hakuna minyoo" kwenye kila kadi kwa mwandiko mzuri wa misheni, nikatia sahihi. Saa nane nilikuwa nimesimama mbele ya kamera, mkono kiunoni.

Miongoni mwa kundi lile alikuwamo kijana wa Mbagala aitwaye Athumani, mtoto wa wakulima wa mpunga. Mpole, mabega mapana, unamtazama unasema huyu atabeba mzinga peke yake. Kumbe hawezi kukimbia. Kipimo cha mwili wakati huo kilikuwa maili mbili na mzigo mgongoni, kisha kupanda ukuta wa magogo, yote kwa muda uliowekwa. Mara ya kwanza alikaa chini njiani. Mara ya pili alifika wenzake wameshavua mizigo. Mara ya tatu alilala kifudifudi kabla ya ukuta, anatweta, midomo imempauka. Sajini meja alisimama juu yake na fimbo yake kwapani.

"Huyu anategea," akasema. "Mwili wote huu, halafu pumzi ya kuku."

Tulicheka. Wenzake walikuwa wameshampa jina la Mama Kija, kwa sababu walimfuma nyuma ya bweni anakula udongo wa kichuguu, kama wanavyofanya wanawake wenye mimba. Nami nililitumia jina hilo. Misheni walikuwa wamenifundisha kwa midomo yao kwamba mtu mzima akitamani udongo, damu yake imepungua, mtazame macho. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye daftari. Nilicheka hata hivyo.

Aliyeshindwa mara tatu aliachishwa, lakini alikuwa na haki ya kukata rufaa ndani ya siku saba kwa baraza la afya, yaani Bwana Mganga, ofisa mmoja na sajini meja. Athumani hakujua kuandika. Akaja zahanati jioni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Una nini?"

"Nakuomba uniandikie barua, kaka. Mie si mvivu. Nikianza kukimbia, moyo unagonga hadi masikioni, macho yanaingia giza. Waambie wanipime tena."

Nikamuuliza kwa nini asirudi tu shambani. Akanieleza kwamba amechumbia. Baba wa binti alikuwa askari wa zamani, na alipokea posa kwa sharti moja, kijana amalize ukuruta. "Nikirudi na cheti cha kutegea," akasema, "yule mzee hatanifungulia mlango. Na huku mjini nani atanipa kazi nikimwonyesha cheti hicho?" Alisema kweli. Cheti cha kuachishwa kilikuwa na mstari wa tabia, na kila mwajiri alianza kusoma hapo.

Niliiandika barua. Niliandika moyo, macho na giza, kwa mwandiko uleule. Nilipofika mahali pa kuomba apimwe upya, kalamu ilisita, kisha nikaandika kwamba anaomba "kufikiriwa kwa huruma." Kupimwa upya kungeanzia kwenye kadi yake. Nikamsomea barua kama alivyotaka iwe, pamoja na maneno ambayo hayamo. Akanishukuru sana.

Siku ya baraza nilikuwa mkalimani. Athumani alisimama wima mbele ya meza, jasho linamtiririka kwa kusimama tu. Alisema yake, nikayageuza Kiingereza. Bwana Mganga alimsikiliza moyo, akakunja uso, akafungua kadi. Namwona hadi leo akiweka kidole kwenye mstari wangu.

"Choo yake iko safi," akasema. Kisha akainua macho. "Dresa, kiberiti ya huyu wewe natazama mwenyewe?"

Athumani alinigeukia. Alidhani ni mahali ambapo nitamsaidia, maana nilikuwa kaka yake, niliyemwandikia barua. Sajini meja alikuwa anatazama saa.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Bwana Mganga akafunga kadi. Rufaa ikakataliwa. Kwenye mstari wa tabia wakaandika kwamba alitegea kazi, na mie ndiye niliyemfasiria hayo, neno kwa neno, safari hii bila kuacha hata moja.

Nilimkuta getini na kifurushi chake. Ndipo, baada ya yote kwisha, nilipovuta kope yake ya chini kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Nikamwambia asiende Mbagala siku hiyo, alale kwangu Temeke, na asubuhi anipe kiberiti. Niliingia zahanati mapema kabla ya wengine, nikakitazama. Mayai yalijaa kioo kizima.

Na hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, kubwa kuliko ile ya Jumamosi. Siku saba za rufaa zilikuwa hazijaisha, na baraza lingeweza kukaa tena. Bwana Mganga alikuwa chumba cha pili, namsikia anakohoa. Ilikuwa ni kubeba kile kioo hatua kumi na kusema nilidanganya. Ningefukuzwa, pengine ningefungwa. Athumani angetibiwa, akapimwa upya, akaoa alikotaka. Nilikiosha kioo. Nikachukua dawa ya safura kwenye kabati, vidonge vile laini vyenye mafuta, na chumvi ya haluli ya kuharishia, na chupa ya dawa ya kuongeza damu. Nikampelekea nyumbani kwa siri, kama mwizi, na nilikuwa mwizi kweli.

Miezi mitatu baadaye alikuja kunitafuta. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mbagala na hakuwa anahema. Mchumba alikuwa ameshaposwa na mwingine. Hakulia kwa hilo mbele yangu. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Wazungu walishindwa, kaka, wewe ukaniponya." Nikasema ni kazi tu. Alipooa kwingine na kupata mtoto wa kiume, akampa jina langu, Muislamu yule, jina la Kikristo, watu wa kwao wakamshangaa.

Nilihama vituo vingi baada ya hapo. Nilikuwa Lindi chini ya bibi mkubwa wa manesi aliyepima vumbi kwa kitambaa cheupe, na Morogoro chini ya daktari Mhindi aliyenifundisha kusoma damu kuliko wote. Tangu asubuhi ile sikuruka kiberiti hata kimoja. Walionifuata waliniita Mzee Kioo kwa jinsi nilivyokuwa mkali, na kwenye sherehe ya kustaafu mgeni rasmi alinisifu kwa uaminifu. Niliinama kama mnyenyekevu. Nilikuwa naficha uso.

Nimejenga Temeke, na Athumani huja kunijulia hali kila baada ya Idi, na sahani ya biriani. Mwaka huu alikuja na mjukuu wake anayetaka kuingia jeshini. Akaniambia, "Msimulie, Dresa, ulivyoniponya." Nilifungua mdomo nianze hadithi ile ya siku zote, ikagoma. Nikamwomba kijana akatununulie sigara, japo wote wawili hatuvuti. Kisha nikamweleza Athumani yote, suruali ya kijivu, choo, barua, "Ndiyo, Bwana," na kile kioo nilichokiosha.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Nilijua nitakachomjibu akinitukana, na nitakachomjibu akilia kwa ajili ya binti yule. Nilikuwa tayari hata kama angenisamehe.

"Ni kiberiti changu tu ulichomwaga?" akauliza.

Nikamwambia vilikuwa arobaini, na nilitazama vinane.

"Basi wenzangu," akasema. Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, kwa jinsi vitanda vyao vilivyopangwa bwenini, wale wale waliomwita Mama Kija, na kila alipotaja jina alitua kidogo, ananitazama nimwambie alikoishia. Sikujua hata mmoja.